Joto la Msala

Mnazi ulianguka asubuhi ya jua kali, na hapakuwa na upepo.

Haukuvunjika. Uliinama polepole, kama mtu anayeinama kuokota kitu kilichomponyoka, kisha ukalala ubavu juu ya majivu, na vumbi jeusi likapanda na kusimama hewani. Jalila alikuwa upande wa pili wa uwanja, akikunja turubai la kituo chao cha muda. Kishindo kile alikisikia kwa nyayo zaidi kuliko kwa masikio.

"Shamba nalo limechoka," alisema Mahir, aliyekuwa akimsaidia kukunja. "Wiki nzima kuchomwa si mchezo."

"Ama mnazi umeona droni yangu, ukazimia," alisema Oduor.

"Kuku wa mtaa mzima wameacha kutaga kwa ajili ya hiyo ndege yako. Seuze mnazi."

Walicheka wote wawili. Walikuwa wamezoeana haraka, kama watu wazoeanavyo penye janga: Oduor, mrusha droni mwenye makazi yake Chaani, na Mahir, mwendesha winchi bandarini, mzaliwa wa hapa Kwa Ruwa. Jalila hakucheka. Aliliacha turubai likiwa limekunjwa nusu, akabaki akiutazama ule mnazi uliolala.

Kwa Ruwa ni mtaa mdogo nyuma ya Mtongwe, upande wa Likoni, ambapo nyumba zinapakana na shamba kuukuu la minazi lililoachwa likamezwa na nyasi na vichaka. Moto uliliingia shamba hilo mwishoni mwa kaskazi, wakati nyasi zimekauka hadi zinalia zikikanyagwa. Kazi ya Jalila, ambaye watu wa mtaa walimwita Daktari kwa ajili ya usomi wake, ilikuwa kuujua moto kabla haujafika. Kutoka ofisi yao ndogo ya Changamwe alisoma picha za setilaiti, mwelekeo wa upepo na ukavu wa majani, kisha akawaeleza wazimamoto mahali ambapo ndimi zingekuwa baada ya saa kadhaa, ili watangulie wawe wakizisubiri. Kwa siku zote zile hakukosea kwa kiasi cha kumdhuru mtu. Hakuna aliyekufa. Nyumba tatu tu za makuti ndizo zilizoteketea.

Kazi yake ilikuwa pia kusema lini moto umekwisha, na hilo ndilo lililomlemea zaidi. Asubuhi ile, baada ya droni kuruka alfajiri mbili mfululizo na kamera yake ya joto isione hata cheche, alisimama mbele ya watu waliohifadhiwa shuleni akawaambia neno moja: rudini. Wakarudi, magodoro vichwani, kuku makapuni.

Wa kwanza kurudi alikuwa Bi Kafedha, mamake Mahir. Bi Kafedha alikuwa edani. Mumewe, Mzee Jafar, alikuwa amefariki wiki chache kabla ya moto, na mjane wa malezi yake hukaa nyumbani kwake mpaka eda iishe. Hatoki ila kwa dharura, wala haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Siku moto ulipokaribia, Mahir alimbeba mikononi kama mtoto mchanga, mbele ya macho ya mtaa mzima, akampakia garini. Kule shuleni alikaa nyuma ya leso zilizotundikwa, uso ameuelekeza ubaoni, akisikiliza sauti za wanaume asiowajua zikipita dirishani. Kuhusu moto hakusema kitu. Kuhusu kubebwa alimwambia mwanawe neno moja, "Usirejee," na Mahir akamwapia kwamba hatambeba tena. Jalila aliyasikia hayo yote. Huenda ndiyo yaliyomfanya asubuhi ile autazame ushahidi wake kwa huruma zaidi kidogo kuliko ilivyopasa.

Alivuka uwanja hadi kwenye mnazi, akachuchumaa penye shina.

Mizizi haikuwapo. Palipaswa kuwa na shungi la mizizi lenye udongo, lakini palikuwa na vijiti vifupi vyeusi vilivyovunjika kama chaki alipovigusa. Tundu lililoachwa na shina lilimpumulia usoni. Hewa ile ilikuwa ya joto, na ilikuwa na harufu aliyoitambua kabla ya kuweza kuitaja: nzito, chachu, yenye utamu wa mbali. Ilimrudisha alipokuwa na umri wa miaka sita au saba, katika ua wa nyanyake kule Kisauni, ametumwa kwa jirani kuomba moto. Jirani alimwekea kaa moja ndani ya kumbi, lile ganda la nyuzi la nazi, akalifumba. Alirudi nalo mkononi mwendo mzima, na halikuwaka wala halikuzimika. Kumbi haliwaki. Kumbi huuweka moto.

"Mahir," aliita, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyokusudia. "Hapa zamani palikuwa na nini?"

"Hapa wapi?"

"Hapa. Chini ya miguu yetu."

Mahir alikuja akiwa bado na tabasamu. "Mashimo ya makumbi tu. Nyanya zetu walikuwa wakiyafukia matopeni hata yalainike, kisha wakayapiga, wakasokota kamba. Barabara ilipojengwa, mlango wa maji ukaziba, pakakauka. Wakayaacha humo humo. Kila mtu ajua."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, Daktari. Ningekwambia na pahala tulipocheza gololi?"

Ramani yake ilikuwa na kila kitu ambacho jicho linaweza kukiona kutoka juu: aina za nyasi, nafasi kati ya minazi, makuti makavu yaliyolala chini. Mashimo yaliyojaa makumbi makavu, yaliyofunikwa na miaka, hayaonekani kutoka juu. Kisha akakumbuka jambo jingine.

Siku ya mwisho ya moto, lori la maji lilikwama njiani. Moshi ulikuwa bado unatoka hapa na pale kama nyuzi, na wazimamoto walimwuliza kwenye redio wafanyeje. Akasema wafukie kwa mchanga. Mtaa mzima ulitoka na makarai na majembe, wanawake waliimba, kila palipofuka pakafunikwa na kushindiliwa hadi pakanyamaza. Ilikuwa siku ya furaha. Na hapakuwa na hata mmoja kati yao, yeye akiwamo, ambaye hakuwahi kumwona mamake jioni akitia kaa katika kumbi na kulifunika kwa jivu jikoni, ili alfajiri apulize na kuukuta moto ukimngoja. Walifanya vivyo hivyo kwa shamba zima. Hawakuuzima moto. Waliulaza.

Na kamera ya joto huona ngozi ya ardhi tu.

"Oduor," alisema. "Warudishe watu barabarani. Mmoja mmoja, kwa njia ile ile waliyojia. Wasikimbie, wasikate uwanja."

Oduor alimtazama, mzaha ukamtoka usoni. "Nirushe droni?"

"Kwa jua hili mchanga wote ni wa moto. Itakuonyesha kila kitu ni cheupe, na hutajua kipi ni kipi. Niletee fimbo."

Fimbo yenyewe ilikuwa ya chuma, urefu wa mtu, na nchani ina kipimajoto. Jalila aliidunga mchangani kando ya mnazi. Ilikwenda kwa shida, ikagota. Alisoma, akasogea hatua chache, akadunga tena. Tarakimu zilipanda. Mara ya nne fimbo haikupata kizuizi chochote. Ilizama hadi kwenye mpini kama iliyotiwa katika chungu cha unga, na mkono wake ukagonga mchanga. Chini ya tabaka lile jembamba hapakuwa na kitu. Palikuwa na uvungu, na uvungu ule ulikuwa ukiwaka bila mwanga.

Alirudi nyuma akikanyaga nyayo zake mwenyewe.

Mbali kidogo, watoto wawili walikuwa wakiruka juu ya mchanga ule ule uliosawazishwa vizuri, wakishindana nani ataacha alama ndefu zaidi. Alitaka kupiga kelele, akajizuia, kwa sababu mtoto akishtuliwa hukimbia, na hakujua wangekimbilia wapi. Oduor aliwafikia kwa kufuata ukingo wa njia. Aliwaambia kuna pipi garini. Wakamfuata.

"Yalikuwa mangapi?" Jalila alimwuliza Mahir. "Hayo mashimo."

"Mengi. Kila ukoo ulikuwa na lake." Mahir alikuwa ameanza kuelewa, maneno yalimtoka kwa uzito. "Kubwa lilikuwa la babu."

"Liko wapi?"

Mahir aligeuza uso taratibu kuelekea nyumba yao, pale pembeni mwa uwanja. "Baba alilisawazisha alipooa," alisema. "Akajenga juu yake chumba cha uani."

Alikuwa tayari amepiga hatua mbili za mbio Jalila alipomshika shati.

"Si kwa uani. Mbele kukoje?"

"Mbele ni mwamba. Baraza na ukumbi vimekaa juu ya mwamba. Niache, Daktari. Ni mamangu."

"Tunapita mbele. Na chumbani huingii. Wewe ni mzito kuliko mimi mara mbili."

Walizunguka kwa barabara. Njia ile ilikuwa fupi, lakini Jalila aliiona ndefu, kwa kuwa kila hatua aliisikiliza. Nyumba ilikuwa kimya, mabati yake yaking'aa, na juu ya ua hapakuwa na moshi wowote. Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. Moto aliousomea ulikuwa na sura: ulikimbia, ulinguruma, ulirusha cheche, na mtu aliweza kuupa jina na kasi. Huu ulikuwa umekaa chini ya nyumba ya mtu kama mwenyeji, unakula polepole, wala haukuwa na haraka.

Walipofika barazani Oduor naye alikuwa amewafikia. Jalila aliwaacha wanaume wawili ukumbini, akasimama penye mlango wa chumba cha uani.

"Hodi, mama."

"Karibu. Nani?"

"Jalila."

"Ndoo ndani, mwanangu. Rudisha mlango nyuma yako."

Aliufungua mlango wala hakuurudisha. Chumba kilikuwa na giza. Dirisha lilikuwa limefungwa, na nyufa zake zimezibwa kwa leso ili asionekane na wapita njia. Bi Kafedha alikuwa ameketi juu ya msala wa ukindu kwenye pembe ya mbali, tasbihi mkononi, amejifunika shuka jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona wasimama kizingitini kama mposaji aliyesahau jina la mwari? Ingia. Umenirejesha kwangu, tangu kuingia nakuombea dua."

"U hali gani?"

"Njema. Kichwa chanigonga kidogo, na usingizi wanijia kwa nguvu. Kule shule nlikuwa silali."

Jalila aliijua ile hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotoka penye kitu kinachoungua bila kuwaka. Ndiyo inayowaua watu waliolala chumbani na jiko la makaa, nao hufa wakidhani wanasinzia. Aliutupia jicho umbali kati ya kizingiti na msala. Hatua tano, labda sita, za sakafu ya saruji nyembamba.

"Mama, naomba utoke kidogo, tuzungumze ukumbini."

"Tuzungumze papa hapa. Wallahi nina jambo la kukuonesha. Hata Mahir sijamwambia." Bi Kafedha aliulaza mkono wake juu ya msala, karibu na goti, kwa upole, kama anayemgusa mtu aliyelala. "Hapa ndipo alipokuwa akiswalia. Miaka yote, pahala hapa hapa. Leo nilipoingia nikatandika msala wake, nikaketi, nikapaona pana joto. Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Nikasema alhamdulillahi, amenisubiri."

Ukumbini Mahir alishusha pumzi, na Jalila alimsikia.

Alikuwa amewahi kuwaeleza wakubwa wa serikali, kwa michoro na tarakimu, kwa nini moto ungevuka barabara. Alikuwa amewaambia wakulima kwamba mashamba yao hayataokolewa ili vijiji viokolewe. Hakuna alikofundishwa kusema hili.

"Mama," alisema, "joto hilo si lake."

Tasbihi ilisimama.

"Chini ya chumba hiki mna shimo la makumbi."

"Shimo la mkwe wangu. Nalijua. Nilipiga makumbi yake nilipokuwa mwari mpya."

"Jioni ukilaza moto jikoni, waulaza na nini?"

"Na kumbi," alisema Bi Kafedha. "Na jivu juu."

"Sisi tumeulaza kwa mchanga."

Jalila aliisikia saruji, au alidhani aliisikia, ikitoa sauti ndogo kavu kama jani linalokunjwa.

"Asubuhi umesimama mbele ya watu ukasema pako salama," alisema Bi Kafedha. Hakuwa na hasira; alikuwa akihesabu tu yaliyosemwa. "Nikakusadiki. Sasa wasema si salama. Una hakika?"

"Asubuhi nilikuwa na hakika, mama. Sasa nina hofu tu."

Yule mjane alimtazama. Macho yake yalikuwa mazito kwa usingizi ule usio wa kawaida, lakini yalimwona.

"Mahir," aliita.

"Labeka, mama."

"Sitabebwa."

"Hubebwi, mama. Nimeapa."

"Na huyo mwenzio ageuze mato."

"Nishageuka kitambo, mama," alisema Oduor kutoka ukumbini. "Naangalia ukuta. Ni ukuta mzuri."

Mahir alikuwa tayari ameushika mlango. Aliunyanyua kutoka bawabani, mbao nzito ya mvule aliyoitundika babake, akamsukumia Jalila ubao ule kwa chini mpaka ukalala sakafuni, kutoka kizingitini hadi karibu na msala. Jalila alimweleza mama atembee katikati ya ubao, taratibu, bila kusimama. Bi Kafedha aliinuka. Alishika ukuta, akauondoa upesi mkono wake kama aliyechomwa. Kisha, badala ya kukanyaga ubao, aliinama.

"Uache msala, mama."

"Siuachi."

"Mama, nakuomba."

"Ni wake."

Aliuinua kwa ncha mbili, na upande wa chini ukageuka kuelekea mwanga wa mlangoni. Ukindu ulikuwa umeungua. Doa la kahawia iliyokolea, jeusi katikati, lilikuwa limekaa pale pale alipouweka mkono wake kwa upole, na kingo zake zilikuwa zinafuka moshi mwembamba usioonekana ila ulipopita mbele ya shuka lake jeupe. Bi Kafedha alilitazama doa lile. Jalila hakuthubutu kumharakisha. Aliona uso wa yule mwanamke ukipoteza kitu, na alijua kwamba yeye ndiye aliyekichukua.

Msala ulianguka. Bi Kafedha akakanyaga ubao, hatua moja, mbili, shuka lake likiburuzika. Katikati ubao ulizama upande mmoja kidogo, na Mahir pale kizingitini akatoa sauti ya mtoto. Jalila alinyoosha mkono, akaukuta mkono mkavu, mwepesi, akauvuta kwake. Walitoka ukumbini, wakapita nyuma ya mgongo wa Oduor ulionyooka kama wa askari, wakatoka barazani, juu ya mwamba.

Sakafu ilizama kabla ya alasiri. Hapakuwa na mtu wa kuisikia, kwa sababu wote walikuwa barabarani. Waliona tu dirisha la uani likitoa moshi, halafu ukuta mmoja ukielekea ndani. Sasa kwa kuwa ardhi ilikuwa imefunguka, kamera ya droni iliona. Oduor alimwonyesha Jalila kioo: shimo jeupe mfano wa jicho, na kutoka kwake mishipa ikienda shambani, pande zote, mirefu kuliko alivyokadiria.

"Itaungua mpaka lini?" aliuliza Oduor kwa sauti ya chini.

"Mpaka mvua. Labda baada ya mvua." Jalila alikizima kioo. "Usimwonyeshe Mahir."

Kwa Ruwa hapakuwa na pa kurudi tena, na shule Bi Kafedha hakuitaka. Jalila alimpigia simu mamake, aliyekaa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, akamweleza. Mamake hakuuliza maswali, alisema tu kwamba chumba cha nyuma kina mlango wake na hakuna mwanamume anayepita huko. Basi walivuka kivuko jioni, vioo vya gari vimetundikwa leso, Oduor akiendesha huku kioo cha kati amekigeuzia juu, Mahir kando yake. Nyuma, Bi Kafedha alikaa wima. Mara mbili aliuliza kama gari linawaka moto. Lilikuwa ni joto la injini tu. Jalila, aliyekaa naye, alijikuta ameuweka mkono wake sakafuni mwa gari, akipima.

Mamake Jalila aliwapokea kwa sauti ya chini, akatandika mkeka mpya, akatoka. Bi Kafedha alisimama katikati ya kile chumba kigeni. Hakuketi. Alipiga magoti polepole, akausogeza mkeka pembeni, akaulaza mkono wake mzima juu ya saruji tupu, akausogeza mbele kidogo, kisha kushoto, kisha penye pembe, kama mtu anayetafuta kitu gizani na kuogopa kukipata.

"Pana baridi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kote?"

Jalila alipiga magoti kando yake, naye akaugusa ule upande ambao mkono wa mwenzake haukufika. "Kote," alisema.

Bi Kafedha aliurudisha mkeka mahali pake, akaketi, akajifunika shuka hadi usoni.